Kabati la kuhifadhia waini nyumbani Mji Mkongwe, nichukue lipi? Nnaomba ushauri

MtunzaNyumba_Shangani
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nnaomba msome mpaka mwisho kabla hamjanirukia. Mie sinywi, kazi yangu ni kuangalia nyumba ya tajiri wangu hapa Mji Mkongwe upande wa Shangani, mama wa kizungu mtu mzima, anakaa hapa miezi minne mitano halafu anarudi kwao, nyumba nabaki nayo mie na funguo zote. Huyu mama ana chupa zake za waini, nimezihesabu juzi ni 94, nyengine kaja nazo kidogo kidogo kwa miaka na nyengine za Dodoma kanunua hukuhuku, na zote zimo kwenye maboksi stoo ya uani, ile iliyoezekwa bati.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu, joto lile mnalijua wenyewe, naingia stoo nakuta boksi limerowa, chupa tatu vizibo vimejisukuma juu na waini inachirizika. Nkampigia simu. Hakunigombeza, ila alinyamaza mpaka nkadhani laini imekatika. Ndo baadae kanambia nitafutie kabati la waini la maana, mwisho dola 1,800, liwe limeshawashwa kabla sijarudi mwezi wa kumi na mbili.

Nimezunguka Darajani, Mlandege, kote, nna machaguo matatu. La kwanza ni jipya, la chupa 48, mlango wa kioo na taa za buluu, zuri kwa kweli, muuzaji anasema halina kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ya baridi, kwahivyo halina kelele wala halitikisiki na umeme linakula kidogo, ningechukua mawili. La pili mtumba, linatoka hoteli moja ya kaskazini inafanya ukarabati, la kompresa, chupa 120, linagawika juu baridi yake na chini baridi yake, ila limekaa barazani sijui muda gani. La tatu fundi wa mtaani kwetu anasema niache mambo makubwa, nilete friji ya kawaida aitie themostati nyengine, kile kifaa cha kupanga baridi, basi.

Na jengine, mama alikuja na kikabati kidogo cha chupa 12, kipo jikoni, kinanguruma usiku kucha na chupa ukishika wala hazina baridi ya maana. Sielewi kimeharibika au ndo kilivyo.

Mnijuze, sitaki khasara hii iangukie kwenye mshahara wangu.

Mswahilina_Og
Kaka tafuta kazi nyengine, rizki ziko nyingi. Chupa za pombe 94 na funguo unazo wewe!!

MtunzaNyumba_Shangani
Shekhe nashkuru kwa nasaha. Nimeshakaa na maalim wangu tukalizungumza, hilo niachie mie na Mola wangu. Hapa nauliza friji.

Kipanga77
😂😂 chupa za siki hizo shekhe, mwache mtu

FundiBaridi_Kwerekwe
Waalaykum salaam. Nitaandika ndefu kwasababu nawatengenezea watu haya makabati na kila mara nakuta kosa lile lile, mtu kanunua mashine ya nchi ya baridi kaileta Unguja.

Naanza na kikabati cha jikoni maana ndo jibu la chaguo lako la kwanza pia. Hakijaharibika. Zile zisizo na kompresa zinatumia kijibati kidogo cha umeme, upande mmoja kinapoa upande mwengine kinapata moto, na feni inapuliza ule moto nje. Kijibati kile hakiwezi kushusha zaidi ya digrii 12 mpaka 15 hivi chini ya joto la chumba. Kwao chumba kina digrii 22, wanapata 10 kirahisi. Wewe jikoni kwako mwezi wa pili ni 32 na mtu anapika, piga hesabu mwenyewe, ukibahatika utapata 18, na ndo maana haizimi usiku kucha, inafukuzia namba ambayo haitoifika. Sasa hilo la chupa 48 lenye taa za buluu ni kaka yake huyo huyo. Kuwa halitikisiki ni kweli, kuwa halina kelele ni nusu kweli maana feni ipo, ila hilo la umeme kidogo likanushe, kitu kisichopumzika hakiwezi kula kidogo.

Kwahivyo kompresa. Lakini si kila kompresa. Ukifungua mlango, ndani ubavuni au nyuma ya mashine pana kibati kimeandikwa maandishi madogo, tafuta herufi za daraja la hali ya hewa. Ukikuta SN au N, hiyo imetengenezwa kwa chumba kisichozidi digrii 32. ST inakwenda mpaka 38. T peke yake ndo inafika 43. Hapa kwetu usichukue chini ya ST, na ukipata T funga macho nunua. Wauzaji wengi hawajui hata hiyo herufi ni ya nini, wao watakwambia idadi ya chupa na rangi ya taa.

Pili mlango. Kioo kinapendeza ila kioo ni dirisha la joto, na wakati wa masika kinatoka jasho mpaka sakafuni panakuwa na dimbwi. Kama lazima kioo basi kiwe cha tabaka mbili au tatu na kiwe cheusi cheusi kuzuia mwanga. Kama mama hafanyi maonyesho na wageni, mlango mzima wa bati ndo salama zaidi.

Kuhusu la mtumba la hoteli, usitoe pesa kabla hujanipigia picha vitu viwili, hicho kibati na ile koili ya nyuma, vile vibomba vinavyopitisha gesi. Barazani kaskazini ni upepo wa bahari, chumvi ile inakula koili za chuma na alumini kama mchwa, kwa nje unaona rangi bado nzuri kumbe inasubiri siku ya kuvuja gesi.

La fundi wa mtaani nisilidharau. Friji ya kawaida inakaa kwenye digrii 4 ila ukiweka themostati ya nje ukaipanga 13 inatii, nimefanya hivyo mara nyingi. Ubaya wake zile zenye feni zinakausha sana hewa, shelfu zake za kioo hazikuumbwa kulaza chupa, na chupa 94 utahitaji friji mbili. Ungekuwa na laki sita ningekwambia fanya. Kwa dola 1,800 hapana.

Yakhe_wa_Wete
Fundi kasema kweli tupu, ila kasahau umeme. Au nyie wa Unguja mmesahau? 2008 mwezi wa tano mlikaa karibu mwezi mzima kiza, halafu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu, watu wanauza samaki alfajiri kwasababu barafu hakuna. Sie Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta ya Wesha, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ukaja 2010 hiyo hiyo. Najua nyie waya mpya wa Fumba mlipata 2013 na mambo si kama zamani, ila umeme kuja na kurudi bado upo na kinachouwa kompresa ni kule kurudi. Unazima, unarudi sekunde mbili, unazima tena, mashine inataka kuwaka hali gesi bado ina presha, inaungua.

Weka friji gadi yenye kuchelewesha umeme dakika tatu mpaka tano, na stabilaiza ya kusawazisha volti nyuma yake, maana magharibi watu wote wakiwasha pasi na feni volti zinashuka. Usitie stabilaiza ya mafungu, ile nyepesi ukiibeba kama boksi tupu, hiyo ni boksi tupu kweli.

Nkupe na kisa. Mie nlinunua friji la mtumba la Japani, zuri, halina hata mkwaruzo. Nkachomeka. Pa! moshi. Kumbe Japani umeme wao volti 100 na huku kwetu 230. Nyuma limeandikwa ila kwa maandishi yao, na aliyeniuzia yuwajua vyema ila kanyamaza. Mke wangu mpaka leo kinipikia bokoboko anauliza kama na hili nikalichomeke.

Kipanga77
Mpemba na friji la moshi 😂 nakulipia nauli uje utufundishe

Yakhe_wa_Wete
Cheka tu. Karafuu zetu hazitaki friji, zataka jua na jamvi.

Bint_Malindi
Kaka mtunza nyumba, mie nimezaliwa kwenye hizo nyumba kwahivyo nisikilize. Umesema pa kuweka ni wapi? Maana chupa moja yenye waini ni kilo 1.3 hivi, mara 94 ni kilo 120 na ushei, ongeza kabati lenyewe kilo 70 au 80, unaweka kilo 200 pahala pamoja, sawa na magunia manne ya mchele ya kilo 50 yamesimama kwenye nafasi ya mkeka mdogo. Sakafu za ghorofa za nyumba zetu ni boriti za mikoko juu yake mawe na chokaa, na zile boriti ndo maana vyumba vyetu vyembamba, mti wenyewe haupiti mita tatu hivi. Zikiwa nzima zinabeba, ila zikiwa na mchwa au paa limevuja miaka humo hujui. Usiweke katikati ya chumba. Weka karibu na ukuta zilipoingia boriti, chini utandike mbao nene inayolala kukatisha boriti tatu nne ili uzito ugawike. Na muite mtu agonge sakafu kwanza.

Chini pia kuna tabu zake, ukuta wa mawe ya matumbawe unatoa chumvi na unyevu, nyuma ya kabati patakuwa pananyesha.

Halafu pima ngazi kabla hujalipa!!! Sie friji letu lilikaa ukumbini chini mwaka na nusu kwasababu kona ya ngazi ilikataa. Mlango wa mbele fungua mbawa zote mbili, hapo utapita, shida ni kona.

Na mtu akikwambia utie kiyoyozi chumba kizima ndo kiwe stoo ya waini, kwanza kiyoyozi cha nyumbani mwisho wake 16 hakishuki hapo, na pili kutoboa ukuta wa nje Mji Mkongwe unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, usije ukamuingiza mama wa watu kwenye faini.

ZamaniBaa_Nungwi
Mimi nilifanya kazi ya baa na restoranti miaka kumi na moja kabla sijafungua duka la vipuri vya honda, kwahivyo upande wa chupa nitazungumza mimi.

Waini haitaki baridi kali, inataka baridi isiyobadilika. Digrii 12 au 13 usiku na mchana, mwaka mzima, nyekundu na nyeupe zote pamoja. Ikikaa 14 daima ni bora kuliko leo 10 kesho 20, kwasababu ikipata moto inatanuka inasukuma kizibo, ikipoa inarudi inavuta hewa ndani, na hewa ndo inayoiua. Zile chupa tatu zako ndo hivyo. Na nikwambie ukweli ambao mama labda keshaujua, zile nyengine zilizokuwa boksi moja na hizo tatu, hata kama hazijavuja nazo zimepikwa. Ziweke mbali, afungue yeye aonje aamue. Usizitupe wewe!

Kwahivyo hiyo habari ya juu baridi yake chini baridi yake ni ya restoranti, pale unataka nyeupe itoke tayari kwa kumimina kwenye 8 au 10 na nyekundu 16. Kwa kutunza nyumbani kanda moja inatosha, na kitu cha kuharibika kinapungua kimoja. Nyeupe siku ya wageni inatiwa friji la kawaida masaa mawili matatu kabla, basi.

Idadi ya chupa iliyoandikwa usiiamini. Wanahesabu chupa nyembamba yenye mabega, ile ya Bordeaux ya mililita 750. Chupa za Burgundy zina tumbo, na za Champagne ndo kabisa, nene na nzito. Changanya hizo na kabati la 120 litameza 90 kwa tabu, na bado hujaacha nafasi ya atakazonunua. Tena mashelfu, vuta moja ukiwa na chupa sita juu yake. Ikikwama au ikapinda kama kitanda cha kamba, ondoka.

Zilale, ila zile za kizibo cha gome tu, ili kizibo kisikauke kikasinyaa. Zenye kifuniko cha kuzungusha zisimamishe popote ziokoe nafasi. Na za Dodoma nyingi ni za kunywewa mapema, kule zabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka, nyengine haziishi, kwahivyo usizipe kitanda cha kulala miaka kumi. Muulize mama, nadhani ukizitoa hizo na zilizopikwa unabaki na sabini hivi za kuwekwa kabatini.

MtunzaNyumba_Shangani
Maashaallah, nimejifunza kwenye uzi huu kuliko maduka yote niliyozunguka. Bint Malindi nimepima, kona ya ngazi ni sentimita 71, na ghorofa ya kwanza kuna chumba cha upande wa uchochoroni hakipati jua kabisa. Mzee mmoja wa jirani aliyekuwa fundi chokaa kaja kagonga sakafu kasema upande wa ukuta mkubwa boriti ziko hai.

Leo asubuhi nlikwenda kaskazini kuliona lile la hoteli. Fundi nimekutumia picha. Kibati kimeandikwa N, volti 220 mpaka 240, gesi R600a. Koili nimeigusa ikanibakia mkononi kama ganda la muhogo.

FundiBaridi_Kwerekwe
Nimeziona. Liache. N kwa ukumbi wenye kiyoyozi wa hoteli lilikuwa sawa, kwako litakimbia saa ishirini na nne. Koili naweza kukubadilishia, ila hiyo R600a inawaka kama gesi ya kupikia, si kila fundi anakubali kuichomelea, na anayekubali haraka haraka ndo wa kumuogopa. Ukijumlisha utakuwa umefika bei ya jipya na bado una mtumba.

Mwana_wa_Kontena
Samahani naingilia. Mie huwa naleta vitu kutoka Dubai. Kule umeme wao 230 kama wetu na plagi zao ni hizi hizi za miguu mitatu, na kwasababu nako ni joto, makabati mengi ya madukani ni daraja T. Ya Ulaya yanakuja na plagi ya duara, watu wanaweka adapta ya shilingi elfu mbili kwenye kitu cha milioni nne, halafu soketi inayeyuka. Kama utaagiza Ulaya basi kata uweke plagi ya hapa yenye fyuzi.

Lipo moja najua, mlango mzima, kanda moja, chupa 110 kwa hesabu yao, upana 60, linafungwa kwa funguo. Mpaka bandarini Malindi na ushuru tupige hesabu faragha ila kwenye bajeti yako linaingia na pesa ya stabilaiza inabaki.

ZamaniBaa_Nungwi
Muulize kwanza kama ni la kusimama peke yake au la kupachika ndani ya makabati ya jiko. La kusimama linatoa moto nyuma, hilo usilibane, liachie sentimita kumi nyuma na pembeni. Watu wanalifunika na kitambaa cha kufuma juu na kuweka picha ya familia.

Mwana_wa_Kontena
La kusimama. Herufi nimethibitisha T, nakutumia picha ya kibati chenyewe si ya kwenye tangazo.

FundiBaridi_Kwerekwe
Hapo sawa. Kwa ukubwa huo stabilaiza ya VA 1000 inatosha. Likifika libebwe wima, kwenye ngazi likilala likilala kidogo tu, na likishasimama chumbani usiliwashe siku hiyo, lilaze njaa mpaka kesho yake mafuta ya kompresa yarudi chini. Liwashe tupu, lipange 13, baada ya siku moja tia chupa ya maji kati yake umechomeka kipimajoto. Namba ya mlangoni inapima hewa, wewe unataka joto la kilichomo ndani ya chupa. Ikitulia ndo uanze kupakia kidogo kidogo, chini kwanza. Ukilijaza chupa 94 za digrii 30 kwa mpigo utaipa kazi ya siku tatu.

Umeme ukikatika usifungue mlango kuangalia kama bado kuna baridi. Chupa zikiwa nyingi zenyewe zinashikana baridi, masaa kadhaa si neno. Na kila miezi mitatu piga brashi kavu koili ya nyuma, ukiwa karibu na bahari hiyo ndo swala yake.

Yakhe_wa_Wete
Na tukuza, umeme wa kulipia kabla! Ukija kwenu Idi umefunga nyumba, uniti zikaisha siku ya pili, friji gadi na stabilaiza vyote vitakuwa vimesimama kama walinzi wa nyumba iliyokwisha ibiwa.

MtunzaNyumba_Shangani
Hilo wallahi sikulifikiria. Nitampa kijana wa jirani awe anatizama mita kila Ijumaa.

Nimeongea na mama usiku huu, nkamweleza habari ya herufi T na boriti, akaniuliza nimesomea wapi. Kakubali lile la Dubai, kasema mlango wa bati ni mbaya kwa macho ila chupa hazina macho. Za kupikwa kasema nizisimamishe pembeni atazionja mwenyewe. Mwana wa Kontena nakufata faragha. Fundi Baridi siku ya kulipandisha nakuhitaji, chai na mkate wa kumimina juu yangu.

Bi_Asumini
Assalaam alaykum wanangu. Mie nimepita tu nikasoma yote, mambo ya waini siyajui na sitaki kuyajua. Ila nina mafuta yangu ya udi na ya waridi, mengine ya marehemu mama, na joto hili limeshaniharibia tola mbili, harufu imegeuka. Fundi kasema kile kikabati kidogo kinashusha mpaka 18 hata chumba kikiwa 32, na udi hauhitaji zaidi ya hapo, unataka kiza na utulivu tu. Wewe mtunza nyumba, kile cha jikoni kinachonguruma, mama wa watu bado anakitaka?

MtunzaNyumba_Shangani
Waalaykum salaam Bi Asumini, shikamoo. Nlimuuliza, kasema nikitoe kabla hajarudi, hataki kukiona tena. Ila kilikaa na waini ndani bibi.

Bi_Asumini
Marahaba mwanangu. Kitaoshwa kwa siki na ndimu na kufukizwa. Nambie bei, na usinitajie dola.